Mheshimiwa Alipomkumbatia Mama Mkwe

Rebeka Mlowe alimdharau mkwewe kwa adabu. Tangu siku ya posa hakuwahi kumtamkia neno baya, wala neno jema, wala neno lolote, maana kwa mila za Wabena wa upande wao mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha akaangalia pembeni. Vijana wanasema mila hizo zimepitwa na wakati. Rebeka, mjane na mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri wa kijiji kimoja kupita Matembwe, alimshukuru Mungu kila Jumapili kwamba kwake hazijapitwa. Zilimwokoa na mazungumzo ya Clemens.

Clemens Ngailo alikuwa mbunge, lakini si wa jimbo. Alikaa katika lile bunge la Jumuiya kule Arusha, ambako alipelekwa kwa kura za wabunge wenzake wa Dodoma, si kwa kura ya mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye jua. Kazi yake ilikuwa mtangamano. Neno hilo alilitafuna kama muwa. Soko moja, sarafu moja, mipaka wazi, nchi nane familia moja. Alilisema harusini, alilisema msibani, na siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani alilisema mpaka mchungaji akaanza kukohoa. Mwenyewe alizaliwa karibu na misheni ya Kikatoliki nje kidogo ya Njombe mjini, akasoma bure tangu darasa la kwanza hadi chuo kikuu, akala ugali wa serikali, akalala kitanda cha serikali. Alipokwisha kushiba akagundua kwamba elimu ya bure inalemaza.

Hayo aliyasema redioni, na Rebeka aliyasikia kwa masikio yake akichambua maharage. Mheshimiwa alisema fedha ya umma isitapanywe tena kwenye shule za kata. Zikusanywe, nchi zote za Jumuiya zichange, vijengwe vyuo vichache vya mfano vya watoto wenye vipaji. Shule zilizobaki wazazi wazibebe wenyewe. Mtangazaji alipomuuliza kama hiyo si kuwaacha watoto wa wakulima, Mheshimiwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake kwa kutofikiri, akasema, "Tusidanganyane. Shule nyingi za kata ni maghala ya kuhifadhia watoto mpaka wafike umri wa kuoana."

Rebeka aliacha maharage.

Ghala hilo alilijenga yeye. Si peke yake, lakini kichwani mwake, utosini, palikuwa na mahali ambapo nywele hazikuota tena vizuri tangu mwaka ule wanawake walipobeba mawe kutoka mtoni, wengine na watoto mgongoni. Mumewe Amon, alipokuwa hai, alikata miti yake ya milingoti shambani ikawa kenchi za kubeba mapaa ya madarasa mawili ya kwanza. Binti yao Jeni alikuwa katika kundi la kwanza kuingia humo, na akatoka na ufaulu uliompeleka chuo cha ualimu, akawa mwalimu wa baiolojia. Kisha akaolewa na Clemens. Haukupita muda Clemens akaona haipendezi mke wa kiongozi kuonekana ana chaki kwenye mikono, naye Jeni akaiacha kazi. Hilo Rebeka hakulisamehe. Watoto wao wawili, Jasmine na Remmy, walikuwa wanasoma Nairobi, shule yenye farasi. Walikuja kijijini Krismasi moja wakamsalimia bibi yao kwa Kiingereza, na binamu zao wakawaangalia kama wanavyoangaliwa watalii.

"Anaunganisha nchi nane," Rebeka alimwambia Danieli, mkuu wa shule ile ya kata, siku moja, "na watoto wake hawajui majina ya ndugu zao."

Ndivyo alivyoishi na dharau yake, kimya kimya, akiitunza kama mtu anavyotunza moto wa makaa chini ya majivu. Ingebaki hivyo kama Mheshimiwa hangeanza kutamani jimbo.

Mwezi wa tatu mwaka wa uchaguzi, Jeni alipiga simu. Wabunge wa Jumuiya kutoka nchi mbalimbali walikuwa na ziara ya kusikiliza wananchi, na Clemens alikuwa amehangaika mpaka wakakubali kufika Makambako. Alihitaji wananchi wa kawaida wa kutoa ushuhuda. Mama alikuwa na parachichi, na parachichi zake zilinunuliwa na Wakenya. Je, mama angeweza kuja kusema maneno machache?

Rebeka alikataa. Jeni akasema, "Mama, nakuomba." Sauti ile ilimkaa Rebeka vibaya. Jioni akaenda kwa Danieli, na Danieli akasema aende, tena aende na neno la choo. Shule ilikuwa na vyoo vya mashimo vilivyoanza kutitia, wasichana walikuwa wakikimbilia msitu wa milingoti, wengine siku zao zikifika hawaji kabisa. Waliandika, walituma wajumbe, walichoka. Pengine likisemwa mbele ya wageni wa nchi nyingine litasikika.

Basi Rebeka akavaa kitenge chake cha Pasaka na sweta jipya, akaenda Makambako.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa nyumba moja ya wageni karibu na njia panda. Kila mara lori la Tunduma lilipopunguza gia nje, vipaza sauti vilimezwa, na Mheshimiwa alilazimika kungoja mdomo wazi. Alizungumza sana. Alisema Makambako ni moyo wa Afrika, kwamba reli na barabara zimekutana hapa kwa mpango wa Mungu, kwamba yeye anaona siku ambapo mtoto wa Njombe atasoma Kigali na wa Kigali atasoma Njombe. Rebeka alijiuliza huyo wa Kigali atajisaidia wapi. Wageni walisikiliza kwa heshima. Mama mmoja mbunge kutoka Uganda, mnene, mwenye miwani, aliyeongoza kikao, alikuwa anaandika kila kitu kana kwamba kuna kitu.

Zamu ya Rebeka ikafika. Alisimama pale pale alipokaa, akageuza bega ili asitazamane na mkwewe, akamsalimia mama wa Uganda. Akasema kweli tupu. Jumuiya anaijua, anaipenda. Wakenya wanafika mpaka shambani na kreti zao, hawamnyanyasi, mmoja wao huuliza hali ya mguu wake. Kabla ya Wakenya alikuwa akiwauzia viazi Wazambia hapo hapo Makambako, na hao nao walikuwa watu. Mpaka hana ugomvi nao. Ukumbi ukapiga makofi, na Mheshimiwa akapiga kuliko wote.

"Sasa nina jambo la pili," Rebeka akasema. "Ni la shule yetu ya kata. Mabinti zetu pale hawana choo. Na nimesikia redioni kwamba shule ile ni gha..."

Hakumaliza. Clemens alikuwa amekwisha kuondoka meza kuu. Alikuja mbio kidogo, koti likipepea, uso umejaa meno, akasema kwenye kipaza sauti alichokishika, "Huyu ndiye mama yangu! Waheshimiwa wageni, hii ndiyo sura ya Afrika Mashariki!" Akamkumbatia.

Akamkumbatia mama mkwe wake, kifua kwa kifua, shavu kwenye shavu, mbele za watu. Tena alimshikilia, maana wapiga picha walikuwa wanasogea.

Wageni walipiga makofi. Hawakujua. Upande wa wenyeji ukanyamaza kama kanisa baada ya mtu kutukana. Mama mmoja wa Lupembe alijifunika uso kwa khanga. Rebeka hakumsukuma. Mikono yake ilining'inia, macho yake yalikazia bango la ukutani, na puani mwake ilikuwemo harufu ya manukato ambayo hakupaswa kamwe kuijua. Mheshimiwa alipomwachia, akaketi. La choo halikusemwa tena.

Alirudi nyumbani, akachemsha maji, akaoga, akachemsha mengine.

Picha ilifika kijijini kabla yake. Ilikuwa kwenye simu za vijana, ilikuwa kwenye makundi ya kwaya. Mheshimiwa mwenyewe aliirusha na maneno matamu chini yake. Lakini kuna watu wengine waliolitamani jimbo lile lile, na hao hawakulala. Ikaanza kusemwa kuanzia Njombe mjini hadi Lupembe kwamba mtu asiyejua mpaka wa mama mkwe hawezi kupewa jimbo. Anayetaka mipaka wazi, wakasema, ameanzia kwa mkwewe. Watu walicheka sana, na kicheko hicho kilimchoma Rebeka, kwa sababu alikuwemo ndani yake.

Clemens alipoona mambo yanachacha, alimtuma dereva wake na mbuzi. Rebeka akampa dereva chai na viazi vya kuchemsha, akampakilia mbuzi wake garini, akamtakia safari njema.

Baada ya hapo akaja Romanus. Huyu alikuwa baba mdogo wa Clemens, katekista mstaafu, mtu wa maana, ndiye aliyekuwa mshenga siku za posa. Alikuja na blanketi jipya mkononi na aibu halisi usoni, na Clemens alikuja naye, ila safari hii alijua pa kusimama. Alibaki nje ya uzio kando ya gari, akiangalia chini. Rebeka alimchungulia dirishani. Hata kuona haya alikufanya kama mtu anayepigwa picha.

"Kamwene, mkwe," Romanus alisalimia, akaketi ukingoni mwa kigoda. Aliomba radhi kwa maneno ya zamani, yale yenye kuzunguka, na Rebeka alimsikiliza kwa utulivu kwa kuwa Romanus hakuwa na kosa. Alipomaliza akasema mbuzi atarudi, na blanketi hili hapa, na jambo lifutwe.

"Mbuzi simtaki," Rebeka akasema. "Mwambie alete watoto."

"Watoto?"

"Jasmine na Remmy. Likizo yao ndefu inaanza mwezi wa saba, na shule yetu inafunguliwa mwezi huo huo. Waje wakae kwangu likizo yote, waende ghalani pamoja na wenzao. Hiyo ndiyo faini yangu."

Romanus alijikuna kidevu. "Mkwe, faini ni mbuzi na blanketi. Watoto hawatozwi."

"Umeshawahi kuona mtu akimkumbatia mama mkwe wake kwenye kipaza sauti?"

Romanus hakuwahi kuona. Akatoka nje, akazungumza na Clemens kando ya gari. Rebeka aliona mkwewe akishika kichwa, akitembea hatua chache, akirudi. Kisha akamwona ametulia ghafla, amekunja mikono, anatazama kule mlimani yalikokuwa mapaa ya shule, na taratibu uso wake ukaanza kuchangamka. Rebeka hakuupenda uchangamfu ule. Romanus aliporudi alisema amekubali, tena amekubali kwa moyo mweupe.

Kilichofuata kilimfundisha Rebeka kwamba dharau yake, pamoja na ukubwa wake wote, ilikuwa haijamfikia Clemens hata kiunoni.

Kwanza walikuja mafundi. Gari la serikali lilileta saruji, kesho yake likaleta nondo, keshokutwa masinki na tangi la maji refu kuliko nyumba ya mchungaji. Miaka yote wakubwa wa wilaya walisema fungu hakuna. Sasa fungu lilipatikana, kwa kuwa watoto wa Mheshimiwa wangehitaji mahali pa kuketi. Vyoo vya wasichana vilisimama safi, na milango yenye komeo, hata kabla Julai haijaingia. Rebeka alipita pale akatema mate chini, jambo ambalo mzee wa kanisa hafanyi.

"Vimejengwa kwa ajili ya makalio ya watoto wawili," alimwambia Danieli.

"Mama, choo ni choo," Danieli akajibu. Alikuwa anafurahi waziwazi na hakutaka kuharibiwa.

Kisha walikuja watoto, na pamoja nao mpiga picha. Ilikuwa asubuhi ya baridi kali, nyasi nyeupe kwa umande ulioganda. Jasmine alikuwa na sare mpya na uso wa mtu anayepelekwa kupigwa sindano. Remmy, mdogo wake, alikuwa anapuliza mvuke mdomoni na kujifanya anavuta sigara. Baba yao alisimama mbele ya mistari ya wanafunzi akasema kwamba yeye ni mtu wa vitendo, kwamba kuna wanaosema na kuna wanaotenda, kwamba elimu ya umma ndiyo roho ya taifa na ndiyo maana amewaleta wanawe mwenyewe, damu yake, shule ya kata. Neno ghala hakulitaja. Neno faini pia hakulitaja. Wiki hiyo hiyo mabango yalitundikwa mpaka Njombe mjini: Clemens na watoto wawili wenye sare, na maandishi makubwa, WATOTO WAKE WANASOMA NA WAKO.

Rebeka alikwenda kulala mchana kama mgonjwa. Alikuwa amemtoza mtu faini, na mtu yule alikuwa ameigeuza ngazi akapanda.

Ijumaa gari lilirudi. Dereva alisema Mheshimiwa anashukuru, zoezi limekamilika, watoto wanahamia hotelini Njombe mpaka kura za maoni ziishe. Jasmine alikuwa mlangoni na begi lake kabla dereva hajamaliza kusema. Jeni naye alishuka garini, amevaa miwani ya jua ingawa jua halikuwepo.

Rebeka alikuwa amejiandaa kwa saa hii. "Nilijua," alisema, mikono kiunoni. "Nilijua siku ya kwanza alipoingia hapa na mkoba wake. Mtu yule hana..."

"Mama, acha."

"Niache nini? Mume wako..."

"Nakupigia simu kila Jumapili," Jeni akasema. Alivua miwani. Hakuwa na alama yoyote, hakuwa amepigwa; alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wake. "Unaniuliza mvua. Unaniuliza watoto. Kisha unaniuliza, na yule je, amesema upuuzi gani tena? Nakuhadithia, unacheka, unakata simu. Mimi hujawahi kuniuliza. Umemdharau mume wangu kwa bidii mpaka ukanisahau mle ndani."

Rebeka alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa hakuwa na la kumsema Clemens, na bila Clemens hakujua aanzie wapi.

Jeni aligeuka. Alichukua begi la Jasmine, akalirudisha chumbani. Akamwambia dereva aende akamwambie bosi wake kwamba faini ilikuwa likizo nzima, na hawa watamaliza. Dereva akasema Mheshimiwa atakasirika. Jeni akasema anajua.

"Usidhani nafanya kwa ajili yako, Mama," alisema gari lilipoondoka. "Wala si kwa ajili yake."

"Kwa ajili ya nani basi?"

"Mimi nilisoma pale."

Alilala kwa mama yake siku mbili. Siku ya pili, wakimenya viazi, Rebeka alimuuliza. Aliuliza vibaya, kwa sauti ya kumkaripia, kama mtu asiyezoea chombo alichoshika, lakini aliuliza, na Jeni akamweleza mambo mengine na mengine akayaacha.

Watoto walimaliza likizo. Si kwamba walibadilika wakawa malaika. Remmy alijifunza matusi ya Kibena na kupanda miti. Jasmine alipata alama ya mwisho kabisa katika Kiswahili, alilia kwa ajili ya baridi, na siku ya kuondoka alimkumbatia msichana mmoja tu, aliyeketi naye dawati moja, kisha akaingia garini bila kugeuka.

Na Clemens alishinda. Alishinda kura za maoni, akashinda na uchaguzi wa Oktoba. Watu wa kata za mbali waliokuwa hawajui kisa cha faini waliona bango wakaamini. Wa kata za jirani waliojua kisa walisema angalau amelipa. Dodoma, kwenye hotuba yake ya kwanza, alidai bajeti ya shule za kata iongezwe, kwa machozi. Rebeka aliisikiliza redioni mpaka mwisho. Kila neno lilikuwa sahihi, na hakuliamini hata moja.

Januari akaja kuzindua vyoo vilivyokwisha kutumika miezi sita. Utepe ulifungwa mlangoni. Alimsalimia mama mkwe wake kutoka mbali, ameinama, amegeuza uso, kwa adabu kamili na kwa pembe nzuri ya kamera. Wakubwa wa wilaya walikuwepo wote. Mwenye kuongoza shughuli akamkaribisha mzee wa kanisa, mama yetu Rebeka Mlowe, atuombee.

Rebeka alisimama, akafumba macho. Alimshukuru Mungu kwa maji. Akamshukuru kwa mafundi, akawataja mmoja mmoja, Hilario aliyejenga msingi, Stanley aliyepiga lipu, na kijana wa Makambako aliyefunga mabomba na kuumia kidole. Akawaombea kina mama waliobeba mawe, walio hai na waliolala, na mzee Amon na milingoti yake. Akawaombea mabinti wa shule, wawe na afya, wasome. Wakubwa walingoja, vichwa vimeinamishwa, na Mheshimiwa aliinamisha zaidi kuliko wote, akingoja jina lake.

"Amina," Rebeka akasema, akaketi.

Alipofumbua macho alimwona Jeni kwenye viti vya mbele, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.